Ndege ambayo bodi yenyewe ndiyo betri: tupige hesabu kabla ya kushangilia

Riveti Moja (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inasema Wasweden wamegundua "betri isiyo na uzito" na kwamba ndege za umeme ni kesho asubuhi. Wengine mmenitumia zaidi ya mara moja, asanteni. Mimi ni fundi wa ndege upande wa bodi, siyo injini wala umeme, kwa hiyo hili jambo linanihusu kazini: bawa likigeuka betri, mwenye drili mkononi ni mimi. Nimesoma kilichoandikwa na watafiti wenyewe. Kitu ni cha kweli, si utapeli. Ila video imeruka hesabu, na bila hesabu hujaelewa chochote.

Tuanze na kidonda chenyewe. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya karibu wati-saa 12,000. Kilo moja ya seli nzuri ya lithiamu ina kama 250. Injini ya mafuta inapoteza sehemu kubwa kama joto na mota ya umeme haipotezi sana, lakini hata ukiliweka hilo kwenye mizani, mafuta bado yanaipita betri kama mara 15. Tena mafuta yanaungua njiani, ndege inazidi kuwa nyepesi. Betri inatua na uzito uleule iliopaa nao.

Ndiyo maana Velis Electro ya Pipistrel, ndege ya kwanza ya umeme kupewa cheti na EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya) mwezi Juni 2020, ina viti viwili na haikai angani hata saa moja. Alice ya Eviation, iliyochorwa kubeba abiria tisa, iliruka Septemba 2022 kule Moses Lake, jimbo la Washington. Ilikaa hewani dakika 8. Betri zake peke yake zilikuwa zaidi ya tani 3.

Sasa wazo la hawa jamaa ni hili: ndege lazima iwe na bodi. Bodi siku hizi ni nyuzi za kaboni. Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni kompositi (nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu), Airbus A350 imezidi nusu kidogo. Na betri ya simu yako ndani ina kaboni upande mmoja. Kwa nini kaboni ileile isibebe mzigo na kuhifadhi umeme kwa pamoja? Ni kama kununua gunia la mchele halafu ukagundua gunia nalo linalika.

Waliofika mbali ni Chuo Kikuu cha Chalmers, Göteborg, chini ya Profesa Leif Asp, wakishirikiana na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm. Mwaka 2018 walionyesha kwamba nyuzi za kaboni zenye fuwele ndogo zaidi zinapokea lithiamu vizuri na bado ni kakamavu kuliko chuma. Mwaka 2021 wakatoa seli kamili: upande hasi nyuzi za kaboni, upande chanya karatasi ya alumini iliyopakwa fosfeti ya chuma na lithiamu, katikati kitambaa cha nyuzi za kioo. Ikatoa wati-saa 24 kwa kilo, na ukakamavu (ule ubishi wa kitu kutopinda) wa gigapaskali 25. Wakasema lengo ni 75 kwa 75. Septemba 2024 wakarudi na toleo ambalo pande zote mbili ni nyuzi za kaboni, karatasi ya alumini imeondolewa. Ukakamavu umeruka hadi 70. Nishati: 30.

Yaani ukakamavu umeshafika nyumbani, nishati bado iko stendi.

Hesabu yenyewe. Betri ya aina hii haihitaji kuishinda betri ya kawaida, na haihitaji kulishinda bawa la kawaida. Inahitaji asilimia zake mbili zikijumlishwa zipite 100. Kwenye nishati, 30 kwa 250 ni asilimia 12. Kwa hiyo ili usipate hasara, paneli hiyo lazima ifanye asilimia 88 ya kazi ya paneli ya kawaida yenye uzito uleule. Ukiilinganisha na alumini, ambayo nayo ni gigapaskali 70 hivi lakini ni nzito kuliko kaboni, unatoka na faida. Ukiilinganisha na kompositi halisi ya nyuzi za kaboni zilizolazwa upande mmoja, ambayo inafika 130 na kuendelea, umefika kama nusu tu. Nusu ukijumlisha na 12 haifiki 100.

Kwa hiyo kwa bawa la 787, leo, ni hasara. Video haikusema hilo.

Nawasilisha. Wajuvi wa kemia karibuni.

---

Shemeji wa Taifa

Naweka mkeka hapa hapa. Uzi umeenda shule.

---

mwana_kemia

Mleta uzi umeshusha nondo. Niongeze upande wa ndani ya seli, maana pale ndipo penye ugomvi.

Kwenye betri ya kawaida ioni za lithiamu (chembe zenye chaji) zinaogelea kwenye kimiminika. Kimiminika hakibebi mzigo. Kwenye kompositi ya kawaida nyuzi zimeshikwa na gundi ngumu ya epoksi, na epoksi ngumu haipitishi ioni. Ukitaka gundi inayoshika nyuzi, ioni zinakwama. Ukitaka ioni zipite, gundi inalegea na nyuzi zinateleza. Kila unachoongeza huku unakipunguza kule.

Walichofanya ni kuchanganya plastiki na kimiminika cha betri vikiwa bado ni maji, halafu wakapasha joto. Plastiki inapoganda inajitenga yenyewe na kimiminika, inabaki kama sponji gumu lenye vijinjia vidogo mno, na kimiminika kimejaa ndani ya vijinjia. Sponji linashika nyuzi, vijinjia vinapitisha ioni. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wenyewe. Nyuzi za kaboni zilikuwepo tangu zamani.

Faida nyingine ambayo watu wanaipita: nyuzi za kaboni zinapitisha umeme zenyewe. Betri ya kawaida ina karatasi za shaba na alumini ndani, kazi yake kukusanya mkondo tu. Hapa zinatoka. Uzito wake unatoka nao.

---

Kaka Sumu

Hadithi zilezile. Miaka ishirini tunaambiwa betri mpya inakuja, na simu yangu bado inazima saa kumi jioni. Hawa wanatafuta hela za utafiti tu.

---

Riveti Moja (mleta uzi)

Kaka Sumu, hela za utafiti wanatafuta kweli, na wamezipata: Umoja wa Ulaya kupitia mpango wa Clean Sky 2 uliwapa mradi ulioitwa SORCERER, Chalmers, KTH, Imperial College London na IMDEA ya Madrid wakiwa ndani. Lakini usiseme hakijawahi kuruka kitu. Mwaka 2002 kidege kidogo cha AeroVironment kinaitwa Wasp, mradi wa DARPA (shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani), kiliruka saa 1 na dakika 47 kikiwa na betri zilizokuwa sehemu ya bawa. Kilikuwa cha gramu zisizofika mia mbili. Njia yake ilikuwa nyingine, betri bapa za plastiki zilizogeuzwa ngozi ya bawa, ila wazo ni lilelile.

mwana_kemia, madini hayo. Swali: nyuzi zinapojaa lithiamu hazivimbi?

---

mwana_kemia

Zinavimba. Kwa urefu kidogo, kama asilimia moja au chini ya hapo, kwa unene zaidi. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini wewe ni mtu wa bodi, unajua maana yake kwenye kipande cha mita tano.

KTH waliligeuza tatizo kuwa mtaji. Mwaka 2020 walitengeneza kipande chembamba, nyuzi za kaboni pande mbili, wakahamisha ioni kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa volti chache tu. Upande mmoja unarefuka, mwingine unafupika, kipande kinajikunja. Ukikata umeme kinabaki kilivyo. Halafu kuna kinyume chake: ukiuvuta unyuzi uliojaa lithiamu, volti yake inabadilika. Maana yake bodi inaweza kujipima yenyewe imebebeshwa mzigo kiasi gani, bila kubandika vihisi.

Mimi binafsi naona hilo la kujipima litafika hangani kwenu kabla ya betri.

---

Kapteni Mstaafu

Vijana, nimerusha Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna, miaka mingi, Dar–Zanzibar naijua kama njia ya sokoni. Ni dakika 20 hivi. Kila nikisikia ndege ya umeme nafikiria njia hiyo, maana ni fupi. Mleta uzi nipigie hesabu ya hapo, achana na 787.

---

Riveti Moja (mleta uzi)

Shikamoo Kapteni. Hapo umenipata.

Caravan ya umeme imesharuka, na yenyewe ni Moses Lake, tarehe 28 Mei 2020, mota ya magniX, dakika 30. Lakini haikuwa na abiria wa kulipa. Hii ndiyo hesabu yangu ya kidole, wenye namba bora mnisahihishe:

Chukulia wastani wa kilowati 350 kwa dakika 20. Hapo ni kama kilowati-saa 117. Ongeza akiba ya nusu saa kwa mwendo wa kubana matumizi, 150 nyingine. Jumla 267. Pakiti ya betri ikishafungwa boksi, nyaya na kipoozeo haitoi 250 tena kwa kilo, tuseme 190. Unapata kilo 1,400.

Caravan uzito wake wa juu kabisa wa kuruka haufiki tani 4, na tupu ni tani 2 na kitu. Ukitoa rubani, kilo 1,400 za betri zinakuachia nafasi ya abiria wawili au watatu. Kwa mafuta, safari hiyohiyo pamoja na akiba ni kama kilo 150.

Sasa tuvae bodi ya Chalmers. Tufanye kilo 1,000 za bodi zote ni betri ya 30, na tufanye imebeba mzigo sawa na ile ya zamani. Ni kilowati-saa 30. Unashusha kama kilo 158 za pakiti. Umerudishiwa abiria wawili wembamba wasio na mabegi.

Wakifika 75 mambo yanageuka: kilo karibu 400 zinashuka, na hapo mwenye kampuni anaanza kuuliza bei.

---

Kapteni Mstaafu

Marahaba. Na abiria wa Zanzibar hakuna asiye na begi. Asante, umenitoa tongotongo.

---

MtuWaNanyuki

Wazee, mimi niko pande za Laikipia. Nyinyi mnaongea Caravan, lakini hapa kwetu kuna ndege ambayo gramu ndiyo kila kitu. Zephyr ya AALTO, kampuni ya Airbus, inarushiwa hapa. Mabawa ya mita 25, uzito kilo 75 hivi, inatumia jua. Mwaka 2025 ilipaa Februari na ikakaa juu siku 67, ikafika hadi upande wa Australia. Mchana inachaji, usiku inakula betri. Ikiishiwa chaji kabla ya alfajiri inashuka, hakuna cha kujadili.

Kwa ndege kama hiyo, kila kipande cha bodi ambacho hakishiki umeme ni mzigo wa bure wakati wa usiku. Si hapo ndipo hii teknolojia inafaa kuanza?

---

mwana_kemia

Hoja nzito, ila ina mtego. Ndege za aina hiyo zinatafuta seli zenye nishati kubwa kuliko zote sokoni, wati-saa 400 na zaidi kwa kilo, zenye silikoni upande hasi. Ukilinganisha na 400, ile 30 inakuwa asilimia 7 na nusu. Kadiri betri za kawaida zinavyopanda, hii ya bodi nayo inasukumiwa goli mbele. Na bodi ya Zephyr ni nyepesi kupindukia, kilo za kugeuza betri ni chache.

---

Kigali Express

Habari zenu. Nimefanya kazi na droni za kupeleka damu hospitalini hapa Rwanda, zile zilizoanza Muhanga mwaka 2016. Niwaambie kitu ambacho watu wa maabara hawakioni.

Droni ikirudi, hatungoji ichaji. Betri inachomolewa, nyingine yenye chaji inapachikwa, inaondoka. Betri iliyochomolewa inakwenda kwenye rafu kuchajiwa. Betri ikichoka inatupwa, droni inaendelea. Ukiifanya betri kuwa bodi, umeua mpango mzima. Droni nzima inakaa chini kusubiri chaji, na betri ikizeeka unatupa droni.

Uzito si hesabu pekee.

---

Riveti Moja (mleta uzi)

Kigali Express, hii ndiyo hoja iliyonifanya nilete uzi, na umeisema vizuri kuliko nilivyoipanga.

Chalmers wanasema seli yao ya 2024 imechajiwa na kutumika hadi mara 1,000. Kwa maabara ni sifa kubwa. Kwa ndege ya safari fupi inayoruka mara sita kwa siku na kuchajiwa kila ikitua, mara 1,000 ni chini ya miezi sita. Ipe mara tatu ya hapo, bado haifiki mwaka na nusu. Bodi ya ndege ya abiria inatarajiwa kuishi miaka 20, 30. Hakuna shirika litakalobadilisha bawa kwa sababu chaji imepungua.

Sasa tuje kwenye karakana. Mnajua tunavyokagua paneli ya kompositi? Kabla ya mashine ya mawimbi ya sauti, tunagonga. Kinyundo kidogo, au hata sarafu, kidogo kidogo, sikio karibu. Palipo pazima panalia "tik, tik" kali. Ukifika ambapo tabaka zimeachana ndani, sauti inakufa: "tup". Unazungushia alama. Juu rangi haina hata mkwaruzo. Labda spana ilidondoka wiki iliyopita na mwenyewe akanyamaza.

Halafu marekebisho: unasaga tabaka kwa tabaka, kila moja pana kuliko ya chini yake, mpaka ufike penye uzima. Unajaza viraka vya nyuzi, unafunika begi la vakyumu, unapasha joto la nyuzi 120, nyingine 177, kwa saa kadhaa. Kila hatua hapo inagombana na betri. Unaposaga unakata pande hasi na chanya kwa pamoja, na vumbi la kaboni linapitisha umeme. Unapopasha joto, unapika kimiminika: betri ya lithiamu ya kawaida haitakiwi kuzidi nyuzi 60 hivi. Na paneli haina swichi ya kuizima. Ina chaji au haina, wewe uliyeshika msasa utajuaje?

---

Kaka Sumu

Na moto je? Au moto nao ni siri ya watafiti?

---

Riveti Moja (mleta uzi)

Si siri. Januari 2013 betri ya lithiamu ya 787 ya Japan Airlines ilishika moto ikiwa imeegeshwa Boston. Siku tisa baadaye nyingine, ya shirika la ANA la Japani, ikatua kwa dharura Takamatsu. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa duniani. Suluhisho la Boeing lilikuwa nini? Pamoja na kurekebisha betri yenyewe, waliifungia ndani ya boksi la chuma lisilopitisha moto, lenye bomba la kutoa moshi nje ya ndege. Kwenye bodi-betri, boksi utaliweka wapi? Boksi ndiyo abiria wamekaa ndani yake.

Halafu Julai mwaka huohuo, 787 ya Ethiopian ikiwa imeegeshwa Heathrow bila abiria, betri ndogo tu ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura iliwaka kwa sababu nyaya zilibanwa vibaya chini ya kifuniko. Ikaunguza kompositi ya juu karibu na mkia. Waliikarabati, ikarudi kazini. Betri ndogo hiyo.

Kwa haki: fosfeti ya chuma ni tulivu kuliko kobalti iliyokuwa kwenye zile betri za 787, na nishati kidogo kwa kilo maana yake hata moto wake hauna kuni nyingi. Udhaifu wake umegeuka usalama wake.

---

Shemeji wa Taifa

Kwa hiyo tukunje mkeka? Au kuna mahali itaingia?

---

mwana_kemia

Itaingia ndani ya kabini. Watu wa Imperial walishapiga hesabu ya sakafu ya kabini inayohifadhi umeme wa skrini za viti. Ukifikiri, sakafu iko ndani, haipigwi na radi wala ndege-mwitu, haibebi mzigo wa bawa, na paneli inafunguliwa kwa skrubu. Ikizeeka unaiweka nyingine. Unapunguza nyaya ndefu kutoka mbele hadi nyuma. Na hawa Imperial wamejikita kwenye superkapasita (vihifadhi-umeme vya kutoa nguvu haraka) za kompositi: chaji ndogo zaidi, lakini haihamishi ioni kuingia ndani ya unyuzi, kwa hiyo kuvimba na kuzeeka ni kidogo. Mlango mmoja wa ndege unahitaji nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha basi. Kazi kama hiyo superkapasita inaiweza.

Baada ya kabini, satelaiti. Hakuna fundi wa kugonga kule juu, na kilo ya kupeleka inauma.

---

Mjukuu wa Ukerewe

Hata droni za kwetu msizidharau. Mwaka 2018 DHL na Wingcopter walikuwa wanaleta dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40. Ikiongezeka hata asilimia kumi ya masafa, kuna visiwa vinafikika ambavyo leo havifikiki. Hoja ya Kigali Express naikubali, lakini si lazima betri yote iwe bodi. Kuu ichomolewe, bodi iwe ya akiba ya kurudia nyumbani upepo ukigeuka. Ya akiba haitumiki kila siku, kwa hiyo haizeeki haraka.

---

Kigali Express

Hiyo ya akiba naichukua. Hapo sina ubishi.

---

Fundi Aviyoniki

Nimechelewa, nauliza moja tu. Betri ya ndege ina vipimo vyake, DO-311A, inachomwa, inachajiwa kupita kiasi, inapigishwa shoti makusudi, yote ikiwa kama kifaa kinachofungwa na kufunguliwa. Bodi ina vipimo vyake vya mzigo na uchovu. Paneli hii ikirekebishwa, kitabu cha ndege anasaini nani? Maana sisi wa umeme hatusaini kitu kinachoshika bawa.

---

Riveti Moja (mleta uzi)

Na sisi wa bodi hatusaini kitu kinachopiga shoti. Kwa kanuni za sasa ingebaki imeegeshwa, sote wawili tunaiangalia. Ndiyo maana nasema waanze na sakafu: paneli inatolewa nzima, inarudi kiwandani na lebo yake, sisi tunafunga skrubu na nyinyi mnachomeka plagi. Saini mbili, kila mtu na yake.